Faili inakwama kati ya chumba na saloni: kuzima ulinzi si dawa

Saa mbili za usiku, mtaa wa Kalubwe, komini ya Lubumbashi. Umeme umerudi, na kila mtu nyumbani anataka kumaliza kazi yake kabla haujaenda tena. Binti mkubwa amemaliza kutengeneza video ya arusi ya mjomba wake kwenye kompyuta ya chumbani. Video inatakiwa ifike kwenye kompyuta ya saloni, ile iliyounganishwa na televisheni, maana kesho wageni wanakuja kuitazama. Mdogo wake yuko saloni, anangoja.

"Yaya, inakatala tena!"

"Mega imeisha?" baba anauliza.

"Hapana, Papa, mega iko."

"Basi tia mu flash, ulete."

Fleshi nayo inakataa. Inasema faili ni kubwa mno, ingawa nafasi ndani yake bado ni tele. Kesho yake asubuhi fundi anaitwa. Kwa dakika tano anazima ulinzi wa kompyuta zote mbili, anaondoa neno la siri, anafungua diski nzima kwa « Tout le monde », yaani kwa watu wote, na video inapita. Familia inashukuru, fundi analipwa, anaenda zake.

Mambo ya namna hii yanajulikana katika nyumba nyingi za mji huu. Lakini kuna swali ambalo hakuna anayemuuliza fundi: ametengeneza nini? Si rahisi kumjibu vibaya mtu aliyeokoa sherehe, ila ukweli ni kwamba hakutengeneza kitu. Mgeni alikuwa amekwama mlangoni kwa sababu hakujua la kumwambia sentineli. Badala ya kumfundisha mgeni, fundi amemfukuza sentineli. Mgeni ameingia, ni kweli. Na usiku ujao ataingia yeyote.

Si mambo ya mega

Kosa la kwanza liko katika mawazo. Lubumbashi, kila kitu kinachokwama kwenye kompyuta kinasukumiwa mega. Lakini kompyuta mbili za nyumba moja zinapopeana faili, hazihitaji hata mega moja. Ruta, kile kisanduku ambacho wengi wanakiita modemu, kinafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuitoa nyumba kwenda kwenye intaneti. Kazi ya pili ni kuunganisha vyombo vya nyumbani kati yao: kompyuta, simu, televisheni, mashine ya kuchapisha. Kazi ya kwanza ndiyo inayolipiwa kwa makampuni ya simu. Ya pili ni ya bure, na inaendelea hata siku ambayo mega zimekwisha kabisa.

Asiyejua tofauti hiyo analipa kwa ajili ya safari ya mita kumi. Video ya gigabaiti 3 ikipitia intaneti kutoka chumbani mpaka saloni, inapanda gigabaiti 3 kwenda kwenye mashine za mbali ng'ambo ya bahari, kisha inashuka gigabaiti 3 tena. Kama kompyuta zote mbili zinakula kwenye forfe moja, nyumba imetumia gigabaiti 6. Na kwa WhatsApp haitapita hata kidogo, kwa sababu huko faili haitakiwi kuzidi gigabaiti 2.

Kwa waya wa rezo, ule wa kawaida wa megabiti 100 kwa sekunde, mambo ni mengine. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo waya huo unabeba karibu megabaiti 12 kila sekunde. Video ya gigabaiti 3 inafika kwa muda wa dakika tano hivi, bila franka hata moja. Familia inayojua hesabu hii haitatuma tena vitu vyake kuzunguka dunia ili vifike chumba cha pili.

Kwanza, tuma faili ndogo

Kosa la pili ni kukimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama, na kingepaswa kuwa cha kwanza siku zote: kabla ya kutuma tena video kubwa, tuma faili ndogo sana, barua ya mistari miwili. Kama barua hiyo inapita na video haipiti, basi njia iko wazi na mlango umefunguliwa. Taabu iko katika mzigo au katika muda wa safari. Kama hata barua haipiti, hakuna haja ya kulaumu ukubwa wa video. Hapo inatakiwa kutazama njia, jina na mlango, mmoja mmoja, kwa utaratibu huo.

Njia. Je, kompyuta zote mbili ziko kwenye rezo moja? Mara nyingi hapana. Moja imeshika wifi ya ruta, nyingine bado inakula mega kwenye simu ya mtoto tangu jana umeme ulipokatika, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Au zote ziko kwenye ruta, lakini moja imeingia kwenye wifi ya wageni, ambayo imetengenezwa makusudi ili mgeni apate intaneti bila kufikia vyombo vya wenye nyumba. Kuhakikisha ni rahisi: katika dirisha jeusi la Windows, mtu anaandika ipconfig kwenye kila kompyuta na kusoma anwani. Kama moja ni 192.168.1.12 na nyingine ni 192.168.1.15, ziko ndani ya lupango moja. Kama mafungu matatu ya kwanza hayalingani, kwa ruta nyingi za nyumbani maana yake ni kwamba kila moja ina lupango lake. Na anwani inayoanza na 169.254 inaonyesha kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo ni waya, wifi au ruta ya kutazamwa.

Jina. Wengi wanafungua orodha ya « Réseau », hawaioni kompyuta ya pili, na wanasimama hapo wakisema haipo. Lakini kutoonekana kwenye orodha si kutokuwepo. Mtu anaweza kuandika anwani moja kwa moja juu ya dirisha la mafaili, ikitanguliwa na mistari miwili iliyolala: \\192.168.1.15. Ikifunguka, njia ni nzima na mlango ni mzima. Lililopotea ni jina tu. Jambo hili linatokea sana katika mji ambamo umeme unakatika. Ruta ikizimika na kuwaka, inaweza kugawa anwani upya, na ile njia ya mkato iliyotengenezwa jana inaenda kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ruta nyingi zinakubali kuiwekea kompyuta anwani yake ya kudumu. Kazi hiyo inafanywa mara moja, na inaondoa malalamiko ya miezi.

Mlango. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Kompyuta ya Windows ikiingia kwenye rezo mpya inaichukulia kuwa « Public » au « Privé ». Kwenye « Public » inajificha, na inafanya vizuri: ndivyo inavyotakiwa kwenye hoteli, kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu au pahali popote penye watu wasiojulikana. Nyumbani inatakiwa iwe « Privé », na kushirikiana mafaili kuwashwe kwa upande huo peke yake. Katika nyumba nyingi kama ile ya Kalubwe, dawa yote ni hiyo: kuingia kwenye mipangilio ya rezo na kubadili neno moja. Pare-feu, ule ulinzi ambao fundi aliuzima, unajua wenyewe kuachia mafaili ya nyumbani yapite pindi unapoambiwa kwamba hapa ni nyumbani.

Baada ya hapo linakuja neno la siri, na hapo kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni ile namba fupi ambayo watu wanaandika wakiwasha kompyuta. Namba hiyo ni ya kompyuta ile ile, mbele ya kioo chake. Haifunguliwi mtu anayekuja kutoka kompyuta nyingine. Inatakiwa neno la siri lenyewe la akaunti. Mtego wa pili ni akaunti isiyo na neno la siri kabisa. Mtu anadhani ndiyo rahisi kuingia, kumbe Windows kwa kawaida inaikataza kutumiwa kutoka mbali. Fundi mwenye akili anafungua akaunti moja kwenye kompyuta inayopokea, anaipa jina kama "familia" na neno la siri la kweli, kisha anatengeneza folda moja, tuseme "Kupokea", ambayo akaunti hiyo inaruhusiwa kuandika ndani yake. Basi. Diski nyingine yote inabaki imefungwa.

Kuna pia sababu ambayo haitokani na mtu yeyote wa nyumbani. Sheria za mlango zinabadilika kila Windows mpya inapotoka. Mwaka wa 2018 Microsoft iliondoa kwenye Windows 10 ile « Groupe résidentiel » ambayo nyumba nyingi zilikuwa zimeizoea. Mwaka wa 2024, toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2 lilikaza tena, likaanza kudai kwamba kompyuta zitie sahihi kwenye mazungumzo yao. Kompyuta mbili zilizopeana mafaili vizuri mwezi uliopita zinaweza kukataana leo baada ya moja kujisasisha. Hapo hakuna aliyeharibu kitu, ila lazima fundi ajue kwamba sheria imegeuka, ili asitafute kosa kwenye waya.

Mzigo na safari

Sasa ni zamu ya ile hali ya pili: barua inapita, video inafia njiani. Hapa kuzima ulinzi hakusaidii hata kidogo, na bado ndiyo dawa inayotolewa.

Mfano ulio wazi ni ile fleshi iliyokataa wakati nafasi ipo. Fleshi nyingi zinauzwa zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa FAT32, na mtindo huo haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama fleshi ina nafasi ya gigabaiti 64. Diski za nje zilizopangwa hivyo zinakataa vilevile, na kompyuta inayotumia diski hiyo kupokea kupitia rezo itakataa pia. Dawa ni kuhamisha vilivyomo kwanza, kisha kuipanga upya kwa exFAT au NTFS, maana kupanga upya kunafuta kila kitu.

Mfano wa pili ni majina marefu. Mwanafunzi anaweka kazi yake ya mwisho wa masomo ndani ya folda, ndani ya folda nyingine, ndani ya nyingine tena, kila moja ikiwa na jina la mstari mzima. Windows kwa desturi yake ya zamani inachoka njia nzima ikifika herufi 260. Faili inafunguka vizuri pale ilipo, lakini ikipelekwa ndani ya folda ya kompyuta nyingine njia inarefuka, inakataa. Kufupisha majina kunatosha.

Mfano wa tatu ni usingizi. Kompyuta inayopokea imewekwa ilale baada ya dakika chache ili kutunza betri. Saloni hakuna mtu anayeigusa, inalala, na safari inakatika. Mfano wa nne ni kuta. Nyumba za zamani za katikati ya mji, zilizojengwa wakati mji ukiitwa Élisabethville, zina kuta nene za matofali ya kuchoma, na wifi inazipita kwa taabu, hasa ile ya gigahezi 5. Intaneti inaweza kuonekana nzuri wakati faili kubwa inakatika kila mara. Waya wa mita kumi na tano unamaliza maneno yote hayo. Waya wa namna hiyo unafanya kazi vizuri mpaka mita 100.

Na mfano wa tano kila mtu Lubumbashi anaujua: delestaji. Lakini kuna jambo moja ambalo watu hawalitazami. Kompyuta za kubeba zina betri, ruta haina. Umeme ukikatika, kompyuta zote mbili zinaendelea kuwaka kama kawaida, mwenyewe haoni mabadiliko yoyote kwenye kioo, lakini ruta imekufa na njia imekatika. Ruta inakula umeme kidogo sana. Onduleri ndogo inaweza kuishikilia muda mrefu kuliko kompyuta ya mezani. Mtu anayenunua onduleri kwa ajili ya televisheni angefikiria ruta kwanza.

Kwa mzigo mkubwa, kuna pia chombo kilichomo ndani ya Windows tangu zamani za Vista, kinaitwa robocopy. Kikiandikwa pamoja na alama ya /Z, safari ikikatika kinaendelea kutoka pale kilipofikia, hakianzi mwanzo. Mafundi wanakijua. Wachache wanawaonyesha wateja wao.

Nakili, usikate

Juu ya mambo haya yote, kuna desturi moja inayoliza watu, nayo ni kukata. Mtu anataka kuokoa nafasi, kwa hiyo anakata folda ya picha za matanga ya bibi yake kwenye kompyuta moja na kuibandika kwenye nyingine. Katikati ya safari umeme unaondoka. Zilizofika zimeshafutwa kule zilikotoka, nyingine bado hazijaondoka, na ile iliyokuwa njiani haifunguki. Kama kompyuta iliyokuwa inapokea ni ya mezani na imezimika ghafla, hata baadhi ya zile zilizohesabiwa kuwa zimefika zinaweza kuwa hazijaandikwa vizuri kwenye diski. Picha za marehemu hazipigwi mara ya pili.

Sheria ni fupi: kunakili kwanza, kulinganisha ukubwa wa folda zote mbili na hesabu ya mafaili, kufungua machache ili kuyaona kwa macho, na kufuta mwisho wa yote, ikiwezekana kesho yake. Mtu asiye na nafasi ya kufanya hivyo hana tatizo la rezo. Ana tatizo la diski, na linatatuliwa kwa diski.

Kilichotokea mwaka wa 2017

Wako wanaosema kwamba haya ya ulinzi ni woga wa watu wa vitabu. Nyumba ya kawaida ya Makutano au ya Gambela, wanasema, haina siri inayotafutwa na mtu yeyote.

Hao inafaa wakumbushwe tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 2017. Siku hiyo virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kuenea duniani, na kwa muda mfupi vilifikia nchi zipatazo 150. Vilikuwa vinafunga mafaili ya mtu na kumdai feza ili ayarudishiwe. Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa. Ufaransa viwanda vya Renault vilisimamisha kazi. Havikuchagua tajiri na maskini. Vilikuwa vinapita kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kufungua chochote, na mlango walioutumia ndio ule ule unaozungumziwa hapa: huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, kwa lugha yake ya zamani inayoitwa SMB ya kwanza. Dawa ya Microsoft ilikuwa imetoka tangu mwezi wa tatu mwaka ule. Walioumia ni wale ambao hawakuitia, au ambao kompyuta zao zilikuwa za kizamani mno.

Tangu mwisho wa mwaka ule, Windows mpya haikuja tena na lugha hiyo ikiwa imewashwa. Lakini mjini Lubumbashi inawashwa tena kwa mikono. Sababu inaeleweka. Kompyuta nyingi hapa ni za okazioni. Baadhi bado ziko kwenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 mwezi wa kwanza mwaka 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025. Vibanda vya fotokopi vina mashine kubwa za zamani ambazo zinatuma karatasi kwenye kompyuta kwa lugha ile ya kwanza tu. Fundi anaona mashine haizungumzi na kompyuta mpya, anawasha SMB ya kwanza, kazi inaendelea. Hamwambii mwenye kibanda alichofanya. Na kwenye kompyuta hiyo ndiko ziliko nakala za kadi za wapiga kura, diploma na mishahara ya watu wa mtaa mzima.

Kama mashine ya zamani haiwezi kuachwa, iwekewe kompyuta yake moja ya kupokea, isiyobeba kitu kingine, na wengine wachukue karatasi zao kutoka hapo. Ni taabu kidogo. Ni afadhali kuliko kufungua nyumba nzima kwa ajili ya mzee mmoja asiyejua lugha mpya.

Wifi ya lupango si ya mtu mmoja

Hatari iliyo karibu zaidi si ya mwizi wa ng'ambo. Katika malupango mengi ya komini ya Lubumbashi kuna nyumba kubwa mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Wenyeji na wapangaji wanachangia wifi moja ili kupunguza gharama, na jambo hilo ni zuri. Lakini fundi akifungua diski nzima kwa « Tout le monde », hao watu wote ni pamoja na mpangaji wa nyuma, rafiki yake aliyemtembelea, na kijana aliyepewa neno la wifi mwaka jana na hajalisahau. Hahitaji ujuzi wowote. Anafungua « Réseau », anaona kompyuta ya baba, anaingia. Barua za kazi, karatasi za lupango, picha za watoto, kila kitu kiko mbele yake, na kama ameruhusiwa kuandika, anaweza pia kufuta. Virusi vilivyo kwenye kompyuta yake navyo vinaweza.

Mwenye nyumba hatajua, kwa sababu kwake kila kitu "kinafanya kazi".

Mafundi nao wana neno

Haki inataka mafundi wasikilizwe. Wanasema mteja hana uvumilivu: anataka faili yake sasa, anabishania bei, na hataki kusikia habari za akaunti na folda. Ukimwekea neno la siri, baada ya wiki moja amelisahau na anapiga simu kulalamika kwamba umemharibia kompyuta. Kwa hiyo, wanasema, afadhali kufungua yote na kuishi kwa amani.

Hoja hiyo ina ukweli, na sehemu ya lawama ni ya wateja. Anayelipa kwa kuangalia saa atapewa kazi ya dakika tano. Lakini fundi wa umeme anayeunganisha waya bila fiuzi ili taa iwake haraka, hakuna anayemwita fundi mzuri kwa sababu taa imewaka. Kwa kompyuta iwe vilevile.

Wengine wanasema fleshi inatosha, mambo ya rezo ni ya nini. Kwa faili moja ya haraka, ndiyo, inatosha. Lakini fleshi inayozunguka kati ya nyumba, Chuo Kikuu na kibanda cha fotokopi ndiyo inayoleta vile virusi vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake. Wanafunzi wanavijua sana. Kwa mtu asiyetaka kugusa mipangilio ya Windows, ziko programu za bure kama LocalSend, zinazopitisha faili kati ya simu na kompyuta ndani ya wifi moja bila intaneti. Nazo zinadai njia iwe moja na pare-feu iziruhusu kwa rezo ya nyumbani. Hata hapo, kujua njia na mlango ni lazima.

Kinachotakiwa si kikubwa. Shule za sekondari zenye somo la kompyuta zinafundisha kuandika barua na kupanga tarakimu. Saa moja ya kuwafundisha wanafunzi kusoma anwani ya kompyuta, kutofautisha « Public » na « Privé » na kunakili bila kukata ingewafaa maisha yao yote, na haihitaji intaneti. Familia nayo ingechagua mtu mmoja, mara nyingi ni kijana, awe na daftari la nyumba: anwani za kompyuta, jina la folda ya kupokea, neno la siri likiwa limeandikwa na kuwekwa pamoja na karatasi nyingine za thamani. Daftari la franka chache linaondoa ile sababu ya mafundi kwamba watu wanasahau.

Na fundi aandike. Karatasi moja, mistari mitano: kosa lilikuwa wapi, kimebadilishwa nini, kipi kimewashwa, kipi kimezimwa. Fundi aliyetafuta kosa kweli hatapata taabu kuijaza. Yule aliyezima tu ulinzi na kuondoka, karatasi hiyo itamshinda, na mteja atajua amemlipa nani.

Kwa hiyo, siku video inapokwama tena kati ya chumba na saloni, Papa asianze na mega. Aanze na barua ya mistari miwili. Na kama fundi ataitwa, kabla feza hazijatoka mfukoni aulizwe swali moja tu: "Fundi, umefungua nini, na umekifunga?"